Kabla Mhandisi Hajasimama

Usiniulize alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nilikaa naye nyumba moja Riyadh miaka na miaka, tukala sinia moja, nikamfulia kanzu alipougua, na hayo bado siyajui. Yeye mwenyewe alihesabu maisha yake kuanzia siku aliyoshuka kwenye treni, kijana mwembamba mwenye koti la kuazima, mbele ya chuo cha reli huko Urusi. Ya kabla ya hapo aliyaona maandalizi tu. Ukimwuliza kwao ni wapi alikutajia kitivo: "Madaraja na Mahandaki." Halafu anarudi kwenye chai yake.

Sisi tulimwita Mhandisi. Waarabu nao walimwita muhandis, lakini wao humwita hivyo hata anayekuja kuzibua choo, kwa hiyo jina lilimfurahisha na kumkera papo hapo. Kwenye ikama yake, kile kibali cha kukaa, aliandikwa kibarua. Kafili, mwajiri aliyemdhamini, alisema hiyo ndiyo visa iliyokuwapo, cheo kitarekebishwa baadaye, na hiyo baadaye ikamzeesha. Tulifanya kazi kampuni moja, kampuni ndogo iliyopewa vipande vipande vya kazi za njia za treni. Mimi nilichora ramani ofisini. Yeye alikagua zege huko juani, na jioni alipanda ngazi za nyumba yetu ya Sulimaniyah, juu ya mkahawa wa Wayemeni, amevaa sare ya vibarua, na kifuani ameibandika beji ya chuo.

Ilikuwa beji ya bluu yenye shoka na nanga vilivyopishana. Wa tatu wetu pale nyumbani alikuwa Kimani, dereva wa kampuni, Mkenya asiyeweza kuona kitu akanyamaza.

"Injinia, sasa anchor ni ya nini kwa treni? Ama treni yenu ilikuwa inaogelea?"

Hapo ndipo alipopataka. Alitueleza kwamba mfalme wa nchi ile aliamuru shule ifunguliwe wakati barabara zake zilikuwa matope yanayomeza magari ya farasi, na reli ilikuwa haijafika. Walifundishwa njia zote, za maji na za nchi kavu, ndiyo maana ya nanga. Walimu wa kwanza waliitwa kutoka nchi za mbali, wanafunzi wakavalishwa magwanda na kupewa vyeo kama askari, na reli ilipokuja ikawakuta wakisubiri kuipokea. "Shule ilitangulia reli," alisema, kidole juu. "Sisi kwetu kitu kinakuja kwanza, ndipo tunaanza kutafuta aliyesoma."

Nilimpenda alipokuwa akisema hivyo. Na sasa nikikumbuka moyo unaniuma, kwa sababu maneno yale hayakusemwa kwa ajili yetu sisi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, Dar es Salaam, aliyelelewa na mama yake na simu. Kila sifa aliyokimwagia chuo kile mbele yetu alikuwa amekwisha kuimwaga masikioni mwa kijana yule, mwaka hadi mwaka, mpaka ikamjaza. Yote niliyo nayo ya kusimulia juu ya Mhandisi yanaishia kwa mtoto huyo.

Nyumba yetu aliigeuza chuo. Jikoni palikuwa Kitivo cha Vichwa vya Treni, kwa sababu ndipo penye moto. Sebule ilikuwa Usafirishaji, bafu lilikuwa Ugavi wa Maji, na ukumbini tulipoweka viatu palikuwa Njia na Mataruma. Kila kitivo kina mkuu wake, na chini ya kitivo kuna idara ambazo yeye aliziita kafedra, neno la kule ambalo hakukubali kulifasiri. Mimi nilikuwa kafedra ya wali. Kimani, ambaye hajui kupika hata yai, alipewa kafedra ya vyombo. Malalamiko hayakuruhusiwa kuruka ngazi. Ukiona chumvi imezidi, humwambii Mhandisi hata akiwa ameketi mbele yako akila chakula hichohicho. Unamwambia mkuu wa kafedra, naye ampelekee mkuu wa kitivo, naye ampelekee rekta, yaani mkuu wa chuo kizima, ambaye ni Mhandisi.

"Rekta, chumvi imezidi," nilimwambia siku moja kwa kuchoka.

"Sijapokea taarifa," akajibu, akaongeza maji kwenye sahani yake.

Tulicheka sana, lakini yeye hakuwa anatania kama tulivyodhani. Aliamini kabisa kwamba dunia imejengwa hivyo, na kwamba ukigonga mlango sahihi, kwa utaratibu sahihi, kuna mtu ndani anayewajibika kukufungulia. Watu wa siku hizi hawaamini hivyo tena. Mimi siamini. Kwake imani hiyo ilikuwa imara kuliko zege alilokuwa akilikagua.

Chai alikunywa kwenye glasi iliyovikwa kishikio cha chuma chenye picha ya treni, kile wanachopewa abiria kwenye mabehewa ya kule. Kijana wa mkahawani chini alimzoea, akawa anapokea glasi ile kwa mikono miwili. Mhandisi alikuwa msafi, mkali, bahili wa maneno asubuhi na mtoaji wa hotuba jioni. Alisali sala zake zote. Akijigonga kidole alitukana kwa Kirusi, kisha anaomba msamaha kwa Kiswahili.

Na alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Chuo kile alikisifu hata tukasinzia, kumbe huko alipigwa barabarani na vijana waliomkuta peke yake, akabaki na kovu juu ya sikio. Nilimwuliza mbona hilo halimo kwenye hotuba. Akasema, "Walionipiga hawakuwa wa chuo." Alipata baridi iliyompa ugonjwa wa mifupa mpaka uzeeni, alikula kabichi mpaka akaichukia, hata Sulimaniyah tukinunua kabichi tulikula akiwa kazini. Alirudi nyumbani na diploma yake akakuta reli inakufa, mabehewa yameota majani karakanani, na baada ya miaka michache akapunguzwa kazi na wenzake wote. Elimu ile haikumpa hata daraja moja la kuonyesha watu. Ungetegemea aichukie. Badala yake aliona kosa ni la wakati, na kwamba mtoto wake atakuta wakati umetengemaa. Reli mpya ilipoanza kujengwa nyumbani alitutazama kama mtu aliyekuwa anabishiwa muda wote na sasa ameshinda.

Nisisahau habari ya kukaa. Watakaomkumbuka Mhandisi watamkumbuka kwa hilo kuliko lolote.

Mtu akisafiri, awe anakwenda likizo, awe anahamia Dammam, Mhandisi aliamuru nyumba nzima iketi. Aliyekwisha kuvaa viatu aketi navyo. Mlango unafungwa, mizigo inawekwa miguuni, na wote mnanyamaza. Ndivyo walivyofanya bwenini kwao kila mwenzao alipoondoka, nayo ni desturi ya watu wa kule wote, si ya chuo tu. Mnakaa mpaka mkubwa wenu wa umri ainuke kwanza na kusema, "Haya, na Mungu." Hapo ndipo msafiri anainuka. Hakuna kuinuka kabla ya mkubwa.

Mara ya kwanza Kimani alipokwenda likizo Nakuru alilalamika sana. "Mzee, flight haingoji mtu. Wacha niende, bana."

"Kaa."

"Na traffic ya King Fahd Road je?"

"Kaa, kijana. Treni nayo lazima isimame stesheni kabla haijaondoka."

Kimani akakalia sanduku lake, amenuna, kofia kichwani. Lakini aliporudi, siku aliyofika tu, alisema kule nyumbani wakati wa kuondoka aliwakalisha mama yake na dada zake, wakadhani amechanganyikiwa. Mimi pia nilizoea. Dua yangu niliisoma ndani ya kimya kile, na Mhandisi naye alisema hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo sikuona ubaya. Ukweli ni kwamba kilinituliza. Sisi watu wa ikama tunaondoka ondoka kila mara na hakuna anayetuambia kwamba kuondoka ni jambo zito.

Kijana wake hakutaka reli. Alitaka kufungua duka la kutengeneza simu, na nasikia mkono wake ulikuwa mwepesi kweli kweli. Alimweleza baba yake hivyo, nami nilikuwa sebuleni, simu ikiwa wazi.

"Simu zinakufa," Mhandisi akamjibu. "Daraja linabaki."

"Lakini baba, mimi simu ndizo ninazozipenda."

"Utapenda ukifika. Hata mimi nilipenda baada ya kufika."

Simu ilipokatika Kimani alitoka jikoni na sahani mkononi. "Injinia, usinikasirikie. Mtoto si behewa. Huwezi mvuta tu mahali unataka."

"Namvuta kwenye njia. Wewe unataka aanguke nje?"

Kimani alirudi kuosha vyombo vyake. Mzee alikuwa mzee, na mtoto alikuwa wake.

Kijana alikubali. Alikuwa mtiifu, ndiyo sifa yake na ndiyo balaa yake. Mhandisi alimpelekea beji kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akienda likizo, na kuanzia siku hiyo sare yake ikabaki na tundu dogo kifuani. Siku ya safari ilipofika, asubuhi ya Ijumaa, aliiweka simu katikati ya zulia, akatuketisha mimi na Kimani, na kule Dar akawaamuru mama mtu, mashangazi na kijana mwenyewe waketi. Tulikaa kimya sote, huku na kule. Kupitia simu tulisikia jogoo, tukasikia mtu akivuta kamasi. Kisha Mhandisi akainuka, magoti yakimlia.

"Haya, na Mungu. Inuka, baba."

"Nimeinuka, baba," ile sauti ikajibu.

Mwanzoni picha zilikuja kila siku. Ngazi kubwa, korido ndefu, chumba chenye vielelezo vya madaraja ndani ya vioo. Mhandisi alizikuza kwa vidole viwili akatuonyesha mlango aliosimama mbele yake akisubiri mtihani. Lakini kijana alikuwa bado yupo mwaka wa kujifunza lugha, na maswali ya baba yake yalimzidi. Kafedra ya madaraja iko ghorofa ya ngapi siku hizi? Mkuu wake nani? Kijana akajibu kwamba mambo yameunganishwa, vitivo vingine vinaitwa taasisi, na hiyo kafedra kila anayemwuliza haijui. "Hujauliza vizuri," Mhandisi akamwambia. Chuo kilikwisha kubadilishwa jina mara kadhaa tangu enzi za mfalme yule, na yeye aliyajua majina yote, lakini akakataa kuamini kwamba kimeendelea kubadilika baada yake.

Picha zikapungua. Kisha siku moja kijana akapiga, akasema kwa haraka, "Baba, niko kazini kidogo. Tunalaza reli." Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alishuka mkahawani akawanywesha Wayemeni wote chai. "Mwaka wa kwanza tu wamempeleka kwenye njia!" alimwambia kila aliyepanda ngazi. Aliamini ni mazoezi ya kiangazi, kama aliyofanya yeye. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Aliyetueleza ukweli ni kijana wa Kizambia aliyekuwa akilala naye chumba kimoja bwenini. Mtoto wa Mhandisi alikuwa ameanguka mtihani wa lugha akapoteza nafasi yake. Aliona aibu kumwambia baba yake. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kinakwisha, na watu fulani, si wa chuo, wakampa mkataba ulioandikwa kwa lugha ileile iliyomwangusha, wakamwambia ni kazi ya kulaza reli. Akatia sahihi. Walimpeleka vitani. Yule Mzambia alikuwa analia kwenye simu, na Mhandisi alikuwa anamsahihisha Kirusi chake.

Hapo ndipo lilipofanyika lile ambalo mpaka leo nalirudia usiku. Kimani alisema twende ubalozini kwetu kesho asubuhi, gari analo, ruhusa ataomba. Mhandisi akakataa. Akasema kijana aliandikishwa chuoni, na chuo ni mzazi, kitamtafuta. Akaandika barua, kwa mkono, kwa Kirusi kizuri nilichokiona hata mimi nisiyekisoma. Nilidhani anamwandikia rekta.

"Rekta?" aliniuliza kwa mshangao. "Naanza na kafedra."

Ile kafedra ambayo mtoto mwenyewe alimwambia haipo. Akasubiri jibu lake. Kimani alizunguka sebuleni akipiga kiganja ukutani. "Mzee, huyo ni kijana, si chumvi! Enda juu direct!"

"Barua ikiruka ngazi inatupwa. Ninyi hamkijui chuo kile."

Aliposubiri akachoka, ndipo akamwandikia mkuu wa kitivo, kitivo ambacho sasa kilikuwa kitu kingine. Akasubiri tena. Alipofika kwa rekta msimu mzima ulikuwa umepita. Jibu lilikuja, la heshima, la mistari michache: jina hilo halimo tena kati ya wanafunzi wao. Ubalozini alikwenda mwisho kabisa, tukamsindikiza, wakampokea vizuri na kumpa kiti. Wakasema laiti angefika mapema, kijana akiwa bado kwenye kambi ya mafunzo ya askari, wangekuwa na pa kuanzia. Mhandisi aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akatembea mpaka garini. Kimani aliendesha akifuta macho kwa mkono wa shati.

Kazi yetu Riyadh ilipokwisha, halas, kila mtu akashika lake. Mhandisi alihamia Jeddah. Kwa muda alifanya kazi mtaa wa Al-Safa, akifungua na kufunga lango la jengo la wapangaji, madam mmoja akimwita kwa kupiga makofi. Simu zangu alipokea, akasema yuko salama, akauliza habari za wali. Habari za kijana hakuna aliyezileta, si za uzima wala za kifo. Mama mtu kule Dar alitaka wasome hitima. Mhandisi akakataa, akasema hitima haisomwi kwa dhana. Mke akasoma peke yake na jirani zake, na tangu siku hiyo hawakuzungumza.

Mwaka huu nami nimemaliza. Nilipata ile ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, nikapitia Makka kufanya umra, na ndege yangu ilikuwa inaondokea Jeddah. Mchana ule nilikwenda kumuaga. Nilimkuta mtaa wa Balad, kwenye ghala la mbao za kukarabati zile nyumba za kale za mawe ya matumbawe, ambako alikuwa mlinzi. Alikuwa amekonda. Glasi yake ilikuwapo kwenye kishikio chake cha chuma, imejaa misumari.

Nilimpa tende, nikamweleza Kimani bado yuko Riyadh na anamsalimu. Nilimweleza kwamba treni za nyumbani sasa zinakwenda kasi, watu wanakwenda Dodoma na kurudi siku hiyohiyo. Nilifikiri nitamfurahisha. Akauliza, "Madaraja yakoje?" Nikasema mazuri. Akasema, "Alhamdulillahi," akatazama pembeni.

"Umefunga mizigo yote?" akaniuliza.

"Nimefunga. Sanduku hili hapa."

"Basi kaa."

Niliketi juu ya rundo la mbao, sanduku miguuni. Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono magotini. Mlango aliusukuma kwa mguu ukajifunga. Nilisoma dua yangu nikaimaliza. Nikaisoma tena. Nje teksi niliyoiacha ikingoja ilipiga honi, dereva akaita, "Yalla, sadiki!" Nikamtazama Mhandisi. Alikuwa hajasogea.

"Mzee wangu, teksi."

"Naisikia."

"Basi niruhusu."

Honi ikapigwa tena.

"Siku ile niliinuka," alisema. "Hakuna aliyenisukuma. Niliinuka mwenyewe, nikamwambia inuka, naye akasema nimeinuka, baba. Wewe ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Ningekaa, angekaa. Si unamjua alivyokuwa. Mpaka leo angekuwa amekaa pale Dar na sanduku lake miguuni, ananingoja." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Mimi siinuki tena kwa ajili ya mtu."

Nilikaa. Sijui nilikaa kwa muda gani, nikimwomba Mungu amwinue mzee yule, hata kwa hasira, hata anitukane kwa Kirusi. Dereva akaanza kugonga mlango kwa ngumi. Ndege haingoji mtu, Kimani alisema kweli.

Nikainuka kabla yake. Nilishika sanduku, nikambusu mkono, na mkono wenyewe haukuondoka gotini. Nilipofungua mlango mwanga wa nje ukaingia mpaka kwenye zile mbao. Niligeuka kumtazama mara ya mwisho. Alikuwa ameketi vilevile, macho yake yapo pale nilipokuwa nimekaa mimi.